Taa ya Oili Kutoka Kikopey Hadi Nairobi

Mmeniuliza vya kutosha. Kanisani, stejini hapa Free Area, hata kwa mama wa mboga, swali ni lile lile: Nekesa, ulitoka Jumatatu na viazi vya Nairobi ukisema jioni uko nyumbani, ukaonekana Alhamisi. Ilikuwaje? Wengine hawakuuliza. Walishajijibu wenyewe kwamba nimeua injini ya lori jipya. Nimechoka kusimulia kwa vipande, basi naandika yote mara moja, na yule aliyeeneza maneno ya kuua injini, ninayemjua, naye asome mpaka mwisho.

Mjue kwanza nilichokuwa nakipigania. Lori lina miezi minane. Mimi na dada yangu Nafula tuliuza shamba aliloacha baba kule Njoro ili tulinunue, na shamba lingine hatuna. Kampuni iliyotuuzia ilitupa waranti ya miaka miwili, na ndani ya kijitabu chake kuna masharti mawili yaliyoniandama safari nzima. Moja, fundi asiye wao akigusa injini, waranti imekwisha. Pili, dereva akiendesha huku taa ya presha ya oili inawaka, waranti imekwisha.

Kwa msiojua magari: chini ya injini kuna bakuli la oili linaloitwa sampu. Pampu huvuta oili kutoka humo kupitia kichujio na kuisukuma juu kwa kila chuma kinachozunguka. Presha ikipotea, chuma kinasaga chuma, na dakika chache zinatosha kukuachia injini ya kuuza kwa kilo.

Free Area hadi Kikopey

Tuliondoka saa moja asubuhi. Kando yangu alikaa Mama Wairimu, mwenye viazi, mama mkubwa wa Molo ambaye haachi mzigo wake usafiri peke yake tangu dereva mmoja alipomuuzia magunia matano njiani na kumwambia yameoza. Alibeba chupa ya chai, nduma za kuchemsha, na daftari la shule analoandikia magunia. Mimi nilikuwa nimepima oili kabla ya kuwasha, kama ninavyofanya kila siku. Ilikuwa kwenye alama ya juu.

Lanet tulipita vizuri, Mbaruk vizuri. Tulipoanza kupanda baada ya Elementaita nikakanyaga mafuta, na kwenye dashibodi ikawaka taa nyekundu yenye mchoro kama kibirika.

"Hiyo birika ni ya nini?" akauliza Mama Wairimu.

"Ni ya kutuua."

Niliondoa mguu kwenye mafuta, na hapo nikaona jambo ambalo sikulielewa mara moja: taa ilizimika yenyewe, hata kabla sijafika kando ya barabara. Wakati huo huo, mbele yangu, mwanaume mwenye koti jeupe alikuwa anarukaruka akipunga mikono yote miwili, akionyesha chini ya lori. Nikajua oili inamwagika. Nikasimama, nikazima injini, nikashuka mbio na kuingia chini ya gari. Chini palikuwa pakavu kama mezani.

"Karibu, mathe, karibu!" Yule mwanaume alikuwa ameinama ananitazama. "Mbuzi ama ng'ombe? Ribs ziko ready."

Tulikuwa tumefika Kikopey. Alikuwa ananiita nile nyama. Alikuwa anaonyesha mahali pa kuegesha.

Kikopey

Nilikasirika, kisha nikacheka, kisha nikakasirika tena kwa sababu tatizo langu lilikuwa pale pale. Niliweka mawe kwenye magurudumu, Mama Wairimu akavunja matawi na kuyalaza barabarani nyuma ya lori ili wenye haraka watuone. Halafu tukala, maana yule muuza nyama, anaitwa Karis, alikataa kabisa kuzungumza nasi tukiwa tumesimama.

Karis aliwahi kuendesha lori kabla ya kuingia kwenye nyama, na kama kila mtu aliyewahi kuendesha lori, alikuwa na dawa.

"Sikia, mathe. Hiyo ni kitu kidogo. Unaweka oili nzito, ile ya trekta. Presha inapanda."

"Na waranti?"

"Basi unachomoa waya ya hiyo taa. Mimi nilichomoa yangu, nikaenda Kampala nikarudi."

"Hiyo lori iko wapi sasa?"

Karis akakata mfupa mmoja polepole. "Ilikufa. Lakini si siku hiyo."

Nilipiga simu kwa kampuni. Msichana aliyepokea alikuwa na sauti tamu sana. Aliniambia breakdown yao, gari la kuvuta malori, iko Malaba, inaweza kunifikia Alhamisi.

"Alhamisi? Nina viazi juani!"

"Pole sana, customer. Taa inawaka saa hii?"

Niliwasha injini. Haikuwaka. Presha ilikuwa imerudi kana kwamba hakuna lolote lililotokea.

"Kama haiwaki unaweza kuja nayo mpaka Nairobi," akasema. "Ikiwaka, simama, uzime."

Nilimwomba jina lake, akanipa, nikamwambia Mama Wairimu aandike jina na saa. Ndivyo daftari la viazi lilivyogeuka kuwa daftari la injini. Tulikubaliana: kila taa ikiwaka, yeye anaandika saa, mahali, na injini ilikuwa inafanya nini, mimi nazima na tunangoja nusu saa. Aliandika kwa mwandiko mkubwa, na alikuwa mkweli kupita kiasi. Ukurasa wa kwanza unasema: "Kikopey. Mlima. Amekanyaga sana. Taa. Amezima. Dereva amekasirika."

Gilgil hadi Kihoto

Mtu mwenye gari zima hufika Naivasha kutoka Kikopey kabla chai haijapoa kwenye chupa. Sisi tulitoka saa nne na tukaingia karibu saa kumi na moja jioni. Tulisimama kabla ya Gilgil, tukasimama baada ya Gilgil, tukasimama mahali ambapo hakuna kitu isipokuwa pundamilia watatu waliokuwa wanatutazama kwa dharau. Taa iliwaka mara tano siku ile. Nduma ziliisha, na chai nayo ikaisha. Mama Wairimu alinisimulia maisha ya waume wote wawili aliozika, na nikajua kwa nini haamini madereva, mmoja wao alikuwa dereva.

Lakini kungoja huko kulinifundisha. Baba alikuwa fundi wa matrekta, na nilikulia chini ya magari ya watu nikimshikia tochi. Alikuwa akisema injini iliyochakaa inalalamika ikiwa imetulia. Beringi, zile pete zinazobeba vyuma vya kuzunguka, zikiisha, oili inapenya ovyo, na taa huwaka gari likiwa limesimama, injini ya moto inanguruma polepole. Ukikanyaga mafuta taa inazimika. Langu lilikuwa kinyume kabisa. Likitulia halina neno. Nikikanyaga, taa. Nikizima na kungoja, presha inarudi nzima.

"Mama Wairimu," nikamwambia, "umewahi kumimina chai na kichujio kikazibwa na majani?"

"Kila siku."

"Ukimimina pole pole inapita. Ukimimina kwa nguvu inakwama. Ukiweka chini kidogo, majani yanaanguka, inapita tena."

Alifikiri. "Kwa hiyo kuna majani kwa injini yako."

"Kuna kitu kinaogelea ndani ya sampu. Na mimi sijaifungua hiyo sampu hata siku moja."

Alilichukua daftari akaandika, bila kuombwa: "Dereva anasema ni majani." Nikamwambia afute. Akakataa, akasema amenisikia kwa masikio yake.

Naivasha Mama Wairimu alipata lori lingine la kuhamishia viazi na, kama nilivyotarajia, akapanda nalo. Kabla ya kuondoka alitia sahihi chini ya kila mstari aliokuwa ameandika, akanikabidhi daftari.

"Wakikusumbua, nipigie," akasema. "Mimi najua kupiga kelele."

Nililala kwa Nafula, Kihoto. Mnajua habari za ziwa na nyumba za kule. Msimu uliopita maji yalifika dirishani, na alama yake bado iko ukutani, mstari wa kahawia kutoka mlango hadi jikoni. Watu walimwambia ahame. Alihama, maji yakarudi nyuma, naye akarudi, akainua vitanda juu ya matofali. Alinipikia samaki na ugali, nikamweleza kila kitu.

Hakusema pole. Aliuliza, "Nani aliwahi kufungua hiyo sampu?"

"Wao wenyewe. Wiki tatu zilizopita, kwa service. Ilikuwa inavuja kidogo, wakaifungua wakaiziba upya."

"Ulikuwa umesimama hapo ukiona?"

Sikuwa nimesimama. Kwetu hata mtu wa baiskeli hamwachii fundi baiskeli. Unakaa gereji kutwa nzima, unajua kila nati imeenda wapi, unabeba mpaka filta kuukuu nyumbani ili wasikudanganye. Baba alitulea hivyo. Lakini siku ile, kwa sababu gereji ilikuwa ya vigae vyeupe na watu waliniita madam, niliona haya kusimama kama mtu wa kijijini. Nilikaa chumba cha wateja nikinywa chai yao na kutazama televisheni, lori langu likiwa peke yake.

"Uliacha gari," akasema Nafula.

"Niliacha."

"Kesho usiache."

Mai Mahiu na mlima

Jumanne niliondoka peke yangu, lori likiwa tupu, daftari kitini, sasa naliandika mwenyewe. Hadi Mai Mahiu taa iliwaka mara mbili tu, kwa kuwa nilikuwa nimejifunza kutembea kama bibi harusi. Malori yenye shehena za Uganda yalinipita yakipiga honi. Sikujali, wapige.

Mlima ndio ulionikomesha. Hata lori tupu linataka nguvu pale, na nguvu ndiyo iliyokuwa inawasha taa. Niliwaza kugeuka na kungoja breakdown. Nilikaa kando ya barabara nikitazama bonde lote chini, Longonot ikiwa wazi, na nikaogopa kweli. Niliogopa kwamba nimekosea, kwamba beringi zimekwisha na ninazimaliza mwenyewe hatua kwa hatua. Sitawaficha hilo.

Dereva mmoja wa tanka alisimama, akashuka na mahindi mawili ya kuchoma.

"Mathe, usilie. Nikuitie mtu?"

"Silii. Nahesabu dakika."

Hakuniamini. Alikaa na mimi mpaka nusu saa ikaisha, akinieleza jinsi mkewe anavyolia akiwa na hasira. Halafu akasema nipande na gia ndogo, injini isingurume, naye atakuja nyuma yangu na taa za hatari ili nisikimbizwe. Akafanya hivyo mpaka juu. Taa iliwaka mara nne mlimani, nikazima mara nne, naye akangoja mara zote nne nyuma yangu na tanka lake. Jina lake sikuuliza, na hilo ndilo jambo pekee la safari hii ninalojilaumu.

Gereji ya vigae vyeupe

Niliingia kwao Nairobi saa tisa. Meneja wa gereji, mtu mrefu mwenye tai, aliunganisha kompyuta kwenye lori, akatazama, akatikisa kichwa kabla hata fundi hajafungua boneti.

"Madam, system inaonyesha low pressure mara kumi na moja. Umeendesha na taa ikiwaka. Bearings zimeisha, pengine overloading. Hii haiwezi kuwa waranti."

"Mara kumi na moja," nikasema. Nikafungua daftari mbele yake. "Hesabu."

Alihesabu. Moja Kikopey, nne kutoka hapo hadi Naivasha, mbili kabla ya Mai Mahiu, nne mlimani. Alipofika mahali palipoandikwa "Dereva anasema ni majani" akainua macho.

"Majani?"

"Uliza kompyuta yako kila mara taa ilikaa sekunde ngapi kabla sijazima. Halafu uiulize injini ilikuwa inatulia ama inavuta."

Hakutaka kuiuliza. Alisema gari litaangaliwa kesho, na mimi niende chumba cha wateja, kuna chai.

"Hiyo chai niliinywa wiki tatu zilizopita," nikamwambia. "Leo nakaa na gari langu."

"Wateja hawaruhusiwi huku. Ni sheria ya usalama."

"Basi nipe hiyo helmeti, na viatu vya chuma, na jaketi ya njano. Nitavaa zote. Lakini sampu haifunguliwi kama sioni."

Nilikaa kwenye ngazi ya lori, ufunguo mfukoni, mpaka walipofunga jioni. Asubuhi ya Jumatano nilikuwa langoni kabla mlinzi hajamaliza kufagia. Nikapewa helmeti.

Fundi waliyempa kazi anaitwa Barasa, mtu wa makamo, mkimya. Nilimwomba afunge geji ya mkono ya kupima presha, tusitegemee taa. Aliifunga. Injini ilipopata moto, ikiwa imetulia, mshale ulisimama vizuri. Alipokanyaga, mshale ukashuka. Alipoachia, ukapanda. Alirudia mara tatu, kisha akamwita meneja.

"Boss, hii si bearing."

"Fungua," akasema meneja, bila kunitazama.

Barasa aliteremsha oili kwenye bakuli safi, akafungua nati za sampu, akaishusha. Akamulika juu kwa tochi. Kichujio kilikuwa kimefunikwa na vipande vyekundu laini, kama maganda ya nyanya kwenye chungio. Ilikuwa ile gundi ya silikoni wanayozibia sampu, iliyopakwa nyingi mno, ikajimwaga ndani na kukatika vipande vipande. Barasa alifungua pia kifuniko cha beringi moja, akanionyesha. Ilikuwa inang'aa, bila mkwaruzo. Sasa ndipo nilipotaka kulia.

"Hii inaweza kuwa imetoka popote," akasema meneja.

Barasa alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, anaendelea kufuta hata baada ya mikono kuwa safi.

"Ni mimi niliweka," akasema. "Siku hiyo tulikuwa na lori saba, na mimi nilikuwa peke yangu. Niliambiwa zitoke zote kabla ya jioni."

Meneja alikwenda ofisini, akarudi na karatasi. Ilisema kwamba uchafu wa nje umepatikana katika injini, na kampuni imeusafisha bila malipo kwa hisani yake. Nilisoma mara mbili. Nikitia sahihi pale, beringi ikigonga mwezi ujao, uchafu wa nje ni wangu, na hisani ilishapita.

"Sisaini."

"Madam, tunakufanyia bure!"

"Sitaki bure. Nataka iandikwe ilitoka wapi."

Alivuta pumzi. "Sawa. Nitaandika ni kosa la technician, Barasa. Lakini ujue kesho huyu hana kazi hapa. Ndiyo unataka?"

Alidhani amenishika. Alitazama uso wangu akingoja nilegee, nichukue karatasi ya kwanza kwa huruma. Na Barasa naye alinitazama, mara moja tu, kisha akatazama chini. Ni mtu wa kwetu, lafudhi yake ni ya marehemu baba. Lakini hata angekuwa mtu wa mbali ningesema lile lile.

"Mimi sikununua lori kwa Barasa," nikamwambia. "Nilinunua kwa kampuni. Ni kampuni iliyompa lori saba. Andika kampuni. Andika gereji yenu ilipaka gundi ikaziba kichujio, dereva alizima kila mara kama mlivyomwelekeza, injini imekaguliwa, na waranti inaendelea pamoja na beringi. Jina la mtu usiandike hata moja. Na mpaka uandike, nitakaa hapa. Nimekaa kando ya barabara siku mbili, hapa kuna kivuli."

Aliondoka. Alipiga simu ndefu kwa wakubwa wake, tukimwona nyuma ya kioo akitembea huku na huku. Mafundi walijifanya wanafanya kazi. Saa nane ilipita, saa tisa ikapita. Alirudi na karatasi mpya, ya kuchapwa, yenye mhuri.

"Soma," nikasema.

"Si unajua kusoma?"

"Najua. Soma kwa sauti, hawa wote wasikie."

Alisoma. Alianza kwa sauti ya chini, fundi mmoja wa mwisho kule akasema hasikii, akaanza upya. Alipofika kwenye maneno "gereji yetu", alikwama kidogo, akakohoa, akaendelea mpaka mwisho. Hakukuwa na jina la Barasa. Nilitia sahihi, naye akatia yake.

Alhamisi asubuhi Barasa alipandisha sampu safi na kuanza kuifunga, nati moja moja, kwa spana ya kupima. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake nikiwa na helmeti kichwani, nikihesabu. Zilikuwa ishirini na mbili.